Talaka Niliyoitamka Kwenye Televisheni

Mwenyezi Mungu alinipa kazi mbili. Mchana nilikuwa fundi katika karakana ya reli, na jioni nilikuwa mtu yeyote niliyeambiwa niwe. Katika ukumbi wa mtaa wetu, Kaloleni, nilianza kwa kucheza bibi kizee, kwa sababu wanawake waliokubali kupanda jukwaani walikuwa wachache. Baadaye nikawa chifu, mlevi, padri, mwizi wa kuku. Redioni niliwahi kuwa watu wawili wanaogombana, peke yangu. Miaka ya sabini ilipokuwa ukingoni, nikaitwa televisheni, na miaka iliyofuata hata filamu mbili tatu zilinipata.

Mchezo ninaousimulia ulikuwa wa mume mkorofi. Mwishoni alisimama mbele ya mkewe na kumtamkia talaka tatu. Nilitamka vizuri, mwongozaji hakuona haja ya kurudia, nami nikaenda zangu nyumbani kula.

Ulipoonyeshwa, mama mkwe wangu aliutazama mtaani kwake Pumwani, sebuleni kwa jirani yake mwenye duka. Asubuhi alikuwa mlangoni kwetu.

"Mkwe, nimekusikia kwa masikio yangu," alisema. "Tatu. Na mashahidi walijaa sebule nzima."

"Mama, alikuwa akimwambia yule mwanamke wa mchezo," mke wangu alisema.

"Na ulimi ulikuwa wa nani? Wa mchezo?"

Sisi tuliokaa kwenye mkeka wa chuo cha Kurani tulifunzwa tungali wadogo kwamba talaka haina mzaha: ukimtamkia mkeo kwa utani, imepita. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kuogopa, si kiasi cha kujua. Na kama zile tatu zilikuwa zimepita, hakuna kurejeana mpaka aolewe na mwingine na waachane. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa amekwenda mazishini Mombasa. Tukakubaliana mke wangu akae kwa mama yake, yeye na mtoto wetu aliyekuwa bado ananyonya, mpaka mwalimu arudi atuamulie.

Nikawa napanga foleni ya maji bombani na akina mama.

"Leo unachota mwenyewe, baba?" mmoja aliniuliza. "Si umwite yule mke wa televisheni akusaidie?"

"Huyo naye alimwacha," mwenzake akamjibu. "Amebaki na ndoo."

Nilicheka pamoja nao, kisha nikafunga mlango na kuswali. Usingizi ulinipaa. Niliona aibu kumwomba Mungu anirudishie kitu ambacho huenda nilikitupa mwenyewe.

Mwalimu aliporudi, tulikwenda kwake baada ya alasiri. Mke wangu na mama yake walikaa nyuma ya pazia.

"Maneno yale ulijitungia?" mwalimu aliniuliza.

"La, mwalimu. Niliandikiwa."

"Ukamwambia nani?"

"Mwigizaji mwenzangu. Mke wa mtu, mumewe ni fundi cherehani mtaa wa Umoja."

"Na mkeo? Ulimkusudia moyoni?"

"Wallahi, mwalimu, sikumkumbuka hata kidogo. Nilikuwa nawaza taa, na mahali nilipoambiwa nisimame."

Alivuta kofia yake mbele.

"Anayesimulia maneno ya kafiri hakukufuru," alisema. "Na anayesimulia talaka ya mtu mwingine hakuacha mke. Utani unaoshika ni ule wa mtu kwa mkewe, na wewe mkeo hukumsemesha. Mkeo ni mkeo. Lakini umetutia hofu. Michezo ni mingi, ule usiucheze tena."

Nilisujudu pale pale. Nyuma ya pazia nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi, akisema alhamdulillahi, na sauti yake haikuwa imara kama ile ya mlangoni. Tangu siku hiyo, jukwaani na kwenye filamu, nilikubali kuua, kuiba na kulewa. Talaka nilikataa, na waongozaji wakanizoea.

Tulirudi Kaloleni kwa miguu jioni ile. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto.

"Hata kidogo?" aliuliza.

"Nini?"

"Umeapa mbele ya mwalimu kwamba hukunikumbuka hata kidogo."

"Ningekukumbuka, leo ungelala Pumwani."

Alilifikiria hilo. Kisha akanipa mtoto nimbebe.

"Basi," alisema, "ukiwa huko kwenye michezo yako, endelea kunisahau."