Jina la Babu Huko Bisil

Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Mimi nilipewa jina la mtu aliyetoka nyumbani akisema anaenda kuchimba visima Umaasaini, na hakurudi. Nyanya yangu, aliyenilea, aliniita mume wake, tena kwa kejeli.

"Mume wangu, leo pia umelala hapa? Ajabu!"

Niliacha shule mapema nikawa mtu wa kuhamahama. Nyanya alipokufa nilikuwa nimepanga chumba Kitengela, nikifanya kazi ya mjengo, na hakukuwa na mtu wa kunipigia simu kuuliza kama nimekula. Ndipo nikaanza kumtafuta babu. Karani wa ofisi ya usajili Kajiado alidhani nafuata shamba la babu. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aliyeishi naye, ili na mimi niwe wa mtu.

Nilirudi katika ofisi ile mara nyingi, hadi karani akapata kumbukumbu ya kifo. Si rahisi kusoma jina lako mwenyewe kwenye karatasi kama hiyo. Kazi: mchimba visima. Mahali: Bisil. Aliyeripoti kifo: binti yake. Nyumbani hatukuwahi kusikia habari za binti.

Sokoni Bisil nililitaja jina lile kwa kila niliyekutana naye. Wazee walinipa mgongo. Mwishowe muuza mbuzi mmoja akanivuta kando.

"Boss, unaita marehemu sokoni kama mbuzi amepotea? Wazee hapa hawataji jina la mtu amekufa. Uliza Mkamba wa visima."

Niliuliza hivyo, na mara moja nikaonyeshwa boma.

Nilimkuta mama mzee akisafisha kibuyu cha maziwa.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu Kimaasai.

"Iko," akaitikia.

Nikamweleza mimi ni mjukuu wa nani, kisha nikajisahau nikataja jina langu. Mkono wake ukasimama.

"Hilo hatusemi."

"Lakini ni langu pia, shangazi."

"Nimesikia. Mimi siwezi kuliita. Ni baba yangu."

Alinipa chai, akaniambia mengine yote. Babu alikuwa akionja udongo kwa ulimi kabla ya kuchimba. Aliogopa punda. Alikuwa akipotea miezi mingi, kisha anarudi na kuketi kama mtu aliyetoka kwa jirani.

"Hata hapa alikuwa anatoroka?"

"Hata hapa. Mama alichoka, akamfungia mlango." Akanitazama. "Wewe uko na bibi?"

"Hapana."

"Watoto?"

"Hapana."

"Basi ni yeye kabisa," akasema, akacheka. Nilicheka pia, nikaweka kikombe chini.

Nilipoinuka kwenda, alinipa simu yake niweke namba. Niliandika namba, simu ikataka jina. Nilikuwa kwenye herufi ya kwanza aliponishika kidole.

"Watoto watasoma kwa sauti. Weka ingine."

Nilimngoja anichagulie. Nilitumaini atasema niandike mtoto wa ndugu yake. Yeye aliwaangalia ng'ombe waliokuwa wakiingia bomani, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina.

Nikaandika Kitengela, nikamrudishia simu.