Udongo wa Kuta Barabarani

Kwa miaka kumi na miwili kipande cha barabara kati ya kivuko cha mto na shule ya kijiji cha Ha Ramokoatsi kilikuwa mikononi mwa 'Malimpho. Yeye na wanawake wenzake watano walizibua mitaro, wakajaza mashimo, wakahakikisha barabara imeinuka katikati ili maji ya mvua yateremkie pembeni. Changarawe waliichimba mbali, ng'ambo ya mto. 'Malimpho peke yake ndiye aliyeipima: aliilowesha kiganjani na kuiviringisha. Ikivunjika, inafaa. Ikinyooka kama mkia wa panya, ina ufinyanzi mwingi, aliitupa.

Kisha akaletwa msimamizi mpya, Tlelima, kijana mwenye cheti. Huyo akaona ng'ambo ni mbali mno. Akaamuru uchimbwe udongo mwekundu wa karibu, kwenye shimo ambako wanawake wa kijiji huchukua udongo wa kukandika na kupamba kuta za nyumba zao.

"Baba, huo ni wa ukuta," 'Malimpho akamwambia. "Ukutani una paa juu yake. Hapa mvua itaugeuza uji."

"Mama, barabara umeisomea wapi?"

"Juu yake. Kwa magoti."

Wanawake walicheka, lakini siku ya tatu wakamgeuka. Barabara ilikuwa nyororo kama sakafu iliyosiribwa kwa arusi. Mmoja wao, 'Makatiso, alivua hata viatu, akapita akipiga vigelegele.

"Acha wivu, dada! Tangu lini njia yako ikapendeza hivi?"

Jumamosi Tlelima akampa karatasi. "Ya mahudhurio hiyo. Weka dole gumba." Akaweka.

Mvua ilinyesha siku mbili. Basi la abiria likateleza, likalala mtaroni, hakufa mtu. Mkaguzi alipofika kutoka mjini, Tlelima akamtolea ile karatasi. Iliandikwa kwamba 'Malimpho ndiye aliyeukagua udongo na kuukubali, na kidole chake hicho. Siku hiyohiyo 'Malimpho akanyang'anywa sururu na kipande chake cha barabara. Wenzake watano walitazama chini.

Wiki moja baadaye Tlelima alisimama mlangoni kwa 'Malimpho. Lori lilikuwa linangoja kubeba changarawe ya kutengeneza barabara upya, na kule ng'ambo changarawe nzuri na mbovu zimelala pamoja. Hakuna aliyejua kuzitenga.

"Mama, tuonyeshe tu. Nitakutafutia kibarua cha kuponda mawe."

"Na kipande changu?"

"Kina mtu sasa. 'Makatiso."

"Basi 'Makatiso awaonyeshe."

"Hajui, mama. Na wewe unajua kwamba hajui."

"Najua," akasema 'Malimpho, akaendelea kuchambua maharage.

Lori lilirudi mjini tupu.