Kindoo cha Loshoro Kwenye Mstari wa Mwisho

Mimi kuanza vitu ni fundi. Shule nilianza vizuri sana, nikaiacha kidato cha pili. Nyumba yetu kule Terrat imefika kwenye lenta, na imekaa hapo mpaka buibui wamehamia kabla yetu. Kwaya niliimba mpaka Pasaka ilipokaribia, nikawaachia wenzangu.

Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu naingia kwenye mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, tena yale marefu, hakucheka. Heri angecheka. Alisema tu, "Baba watoto, hiki ukimaliza, habari ya lenta sikusemi tena. Usipomaliza, hamna kuanza kitu kingine humu ndani. Hata sabuni mpya hufungui."

Yale mafupi nilishajaribu mara moja. Tairi ilipasuka nikaishia kula ndizi na watazamaji. Mtu mwenye akili akishindwa fupi, anarudia fupi. Mimi nikaenda kwenye ndefu. Hesabu zangu ziliishia kidato cha pili, nimeshasema.

Asubuhi pale Ziwa Duluti wenzangu walikuwa na saa za kupima moyo na baiskeli unazoinua kwa kidole kimoja. Yangu ni ya mtumba kutoka soko la Kilombero. Nilikuwa nimeing'oa keria ipungue uzito, ila kengele niliiacha, maana barabara ina mbuzi. Halafu ile nguo yao ya kubana, ambayo inaishia mbali sana na magoti! Nilijitazama kwenye kioo cha gari la watu nikaona soseji iliyoacha shule.

Tuliambiwa lango la mwisho, hapo hapo ziwani, linafungwa saa kumi jioni. Nikaona saa kumi mbali kama Mwanza.

Kuogelea nilijifunzia kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, ambako ukichoka unasimama. Duluti huwezi kusimama. Nilikunywa ziwa kiasi changu, nikatoka nikiwa nafuatwa na mtumbwi wa uokoaji peke yake. Baiskeli ikanishusha mpaka Nduruma, vumbi na upepo, halafu ikanidai nipande tena. Nilipoanza kukimbia kuelekea mlimani, nyuma yangu kulikuwa na pikipiki moja tu. Jamaa wa bodaboda, rika langu, alikuwa amepewa redio na kazi ya kumfuata mtu wa mwisho.

"Kaka, panda nikusogeze mpaka kwenye kona. Hamna anayeona."

"Mungu anaona."

"Leo Jumamosi, Mungu yuko bize na harusi."

Nikaendelea. Naye akaendelea, gia ya kwanza, akilalamika kwamba injini yake inachemka kwa ajili ya mwendo wangu.

Sasa hapa nieleze. Njia ya kukimbia ilipita getini kwa wakwe zangu, Wameru wa kahawa na ndizi. Huku, mkwe kupita getini bila kuingia ni kutangaza ugomvi. Kwa hiyo kwa adabu zangu zote nilipiga simu mapema, nikawaambia siku hiyo nitapita mbio, wasinielewe vibaya. Nikajiona mjanja. Nilisahau kwamba mama mkwe akipata taarifa ya mkwe, kinachofuata ni kubandika sufuria.

Nikamwona kwa mbali, amesimama getini na kitenge cha kanisani. Nikakumbuka nguo yangu. Mbele ya mama mkwe hata shati la mikono mifupi unalifikiria mara mbili, sembuse soseji. Nikachuchumaa nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unasalimia kutoka chini? Umeumia?"

"Hapana mama. Ni nguo."

Aligeukia migomba, akavua kanga mabegani, akaninyooshea kwa nyuma bila kuangalia. "Jifunge. Halafu uingie ule."

"Mama, niko kwenye mashindano."

"Na nani? Nyuma yako simwoni mtu."

"Na saa, mama. Na huyu wa pikipiki ananifuata."

"Naye aingie."

Ilikuwa loshoro, mahindi na ndizi na maziwa ya mgando, bakuli la mtu anayetoka kulima. Mimi nilimeza wima kama dawa. Jamaa wa pikipiki alikaa, akanawa, akaomba ya pili. Redio ikakoroma, "Wa mwisho mko wapi?" Akajibu mdomo umejaa, "Tuko njiani!" Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilishindwa kumaliza bakuli. Mama akamimina iliyobaki kwenye kindoo kilichokuwa cha rangi ya ukuta, akafunga mfuniko. "Kamalizie mbele."

Nani atamkatalia? Nikateremka na kanga kiunoni na kindoo mkononi, loshoro ikicheza nje na nyingine ikicheza ndani. Wazee barabarani nikawapa shikamoo zao, na kila mmoja alitaka kujua napeleka wapi hicho kindoo. Jamaa wangu aliacha kuniambia nipande. Alikuwa amekula kwa wakwe zangu, sasa alikuwa upande wetu. Akapiga honi mpaka ziwani.

Saa kumi ilikuwa imepita. Mahema yanakunjwa, kitambaa cha lango kiko chini, na nguzo moja imeshalala. Ya pili ilikuwa imekumbatiwa na mke wangu, wanaume wawili wanambembeleza.

"Mama, mashindano yameisha."

"Yameishaje na mtu wangu yuko barabarani? Hii haitoki!"

Nikapita kati ya nguzo na mahali pa nguzo. Msimamizi akanipa pole kwa ustaarabu: muda umepita, siandikwi, medali hamna. Nikamtazama mke wangu. Yeye alikuwa anatazama kanga ya mama yake. Halafu kindoo. Akakipokea, akafungua mfuniko.

"Njia nzima umeimaliza," akasema, "chakula cha mama ndicho umebakiza?"

Nikakaa chini pale pale kwenye mstari, katikati ya watu wanaokunja mahema, nikamaliza.