Deki ya Kumsikia Baba

Mtu asiniulize tena habari za deki. Nilizunguka Juba wiki nzima nikitafuta mashine ya kuchezea CD, kitu ambacho zamani kila nyumba ilikuwa nacho, na karibu kila niliyemuuliza alinicheka.

Mama ndiye aliyenituma. Jumamosi hiyo tulikuwa na maombi ya kutimiza mwaka tangu tumzike baba kule Rejaf, na mdogo wangu aliyebaki Eldoret alikuwa ametuma CD ya harusi yake. Tulirudi huku kabla mpiga video hajaimaliza, kwa hiyo sisi hatukuwahi kuiona. Katika harusi hiyo baba alisimama akambariki binti yake kwa Kibari, lugha ya kwetu. Simu ikielekezwa kwake kumrekodi alikuwa anaondoka, basi kama sauti yake imebaki popote duniani, imebaki humo. Mama haoni tena, presha ya macho imemmaliza. Picha hana haja nayo.

"Nataka kumsikia," aliniambia. "Na atoke kwenye redio yake mwenyewe, si kwenye visimu vyenu."

Redio ya baba ni ile homthieta aliyoinunua tukiwa Kenya, spika tano na woofa moja kubwa, akaileta nyumbani kwa basi imefungwa blanketi, na watoto walikatazwa hata kuipangusa vumbi. Spika bado zinanguruma. Kilichokufa ni pale inapomeza CD. Fundi wa Nyakuron aliifungua, akapuliza, akatikisa kichwa: lenzi yake haipatikani tena. Akasema nitafute deki nyingine niiunge kwa nyuma, kwenye matundu mawili, jekundu na jeupe. "Hakikisha deki yenyewe pia ina jekundu na jeupe," alinirudilia mara tatu kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari.

Kazi rahisi, sivyo? Wacha tu!

Sokoni Konyokonyo muuzaji wa kwanza aliniambia, "Sista, watu sasa iko na flash. CD ya nini?" Haya, niihamishie kwenye flash kwa mashine gani? Laptop ya ofisini haina pa kuingiza CD, na homthieta ya baba ilitengenezwa kabla ya mambo ya flash. Wa pili hakunyanyua hata uso kutoka kwenye simu. Wa tatu alitoa deki mpya, nyembamba, inang'aa, na nyuma ina tundu moja tu, lile la HDMI la runinga za kisasa. Nikamwambia nataka jekundu na jeupe. Akachomoa waya, upande mmoja HDMI, upande wa pili rangi zote nilizotaka.

"Hii unaweka hapa, hii unaweka kule. Kalas, imeisha!"

Nami na shule yangu yote nikaamini. Nyumbani ikawa kimya kabisa. Nikachomeka, nikachomoa, nikageuza, kimya. Fundi alipokuja alicheka hadi akakaa chini. Waya peke yake haubadilishi kitu, alisema, lazima kuwe na kiboksi cha kugeuza, chenye umeme wake. Nilirudi sokoni moto juu. Yule muuzaji akanivutia kiti, akanipa maji baridi, akasema kwa upole, "Maalesh, pole sista, kitu ya umeme ikitoka duka hairudi." Ule upole ndio ulionikera zaidi. Nilimpa maneno mpaka wauza vitunguu wakaacha kupima.

Ijumaa, Atlabara, kwa mtu anayetengeneza runinga, niliona deki nene, nzito, imekwaruzwa, na nyuma yake jekundu na jeupe. Mwenyewe alijaribu kunikatisha tamaa eti picha yake si safi.

"Bwana, kwani nimekuambia nataka picha?"

Akaijaribu na CD ya mahubiri, sauti ikatoka vizuri. Ya kwetu sikuwa nayo, kwa sababu mama alikataa itoke nyumbani. Alikuwa ameifunga kwenye kitenge na kuilalia.

Jumamosi mchana, maombi yalipokwisha na kabla ya chakula, nikaiunga na homthieta na runinga, nikaiwasha. Sebule ilijaa watu wa kanisa na wa ukoo. Mama alisogeza kiti hadi goti lake likagusa spika. Tukaona bibi harusi, tukaona keki, kisha baba akasimama na suti yake ya kijivu, akapokea maikrofoni, akafungua mdomo. Ikatoka kwaya. Kwaya na kinanda, kwa sauti ya juu, spika zote tano.

Nilichomoa waya mwekundu nikaurudisha, nikachomoa mweupe nikaurudisha, nikaipiga deki kofi. Mdomo wa baba unasema, kwaya inaimba. Nilikuwa nimeanza kumtukana yule mtu wa Atlabara kimoyomoyo, ndipo nikakumbuka.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ile harusi. Nusu ya wageni walikuwa majirani zetu Wakenya, baba alirefusha Kibari chake, nami niliona aibu. Nilimfuata mpiga video nikamwambia, "Hapo mzee anapoongea lugha yetu, wekea wimbo tu. Nani ataelewa?" Alifanya vile vile nilivyomwagiza.

"Mbona baba yenu haanzi?" mama akauliza.

"Ameanza, mama. Wimbo umewekwa juu yake."

"Nani ameuweka?"

Watu wote walinitazama, maana nilikuwa nimesimama nyuma ya deki, mkono ungali kwenye nyaya.

"Mimi," nikasema.

Laiti angenigombeza. Aliinama tu, akabandika sikio kwenye spika, akasikiliza ile kwaya.

"Bado anaongea?"

"Bado, mama."

"Basi usizime."