Niliwafundisha Wakulima "Beau"

Kifaransa nimejifunza peke yangu, kwa simu, chumbani kwangu Kapsoya. Kwa hivyo nilipoitwa na kituo kimoja cha elimu Moi's Bridge kufundisha watu wazima somo la majaribio, nilifanya mazoezi wiki nzima. Niliitaka sana hiyo kazi.

Nilifika mapema, nikaona ukumbi umejaa wazee na kina mama, nikaingia. Kuuliza niliona aibu. Wakafungua kwa sala, wakanipigia makofi, nikaanza na kivumishi nilichokikariri mpaka bafuni.

"Beau maana yake ni nzuri. Asili yake ni Roma. Ya kiume ni beau, ya kike ni belle."

Waliandika kila neno! Nikajiona profesa.

Mzee wa mbele akainua mkono. "Madam, hiyo ya kike inakomaa miezi mingapi?"

"Inakomaa?"

"Na baridi ya Ainabkoi itaiweza?" mama mmoja akadakia.

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamume aliyebeba mifuko ya mahindi. "Poleni kwa kuchelewa, mimi ndiye mtu wa mbegu." Nyuma yake alisimama mwenye kituo, aliyekuwa akinitafuta kila chumba.

Mzee akanigeukia. "Sasa wewe, madam, umekuwa ukituuzia nini?"