Cherehani Haikuchelewa

Kwenye uwanja wa ndege, mama mtu alimlilia bintiye hadi askari wa mlangoni akamletea kiti. Muhula mzima wa masomo ng'ambo! Mama, fundi cherehani, alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akamkumbatia binti mara ya mwisho, kisha mara ya mwisho kabisa, ndipo akaondoka.

Shirika la ndege nalo lilikuwa na huruma zake. Likatangaza kwamba ndege imechelewa kidogo. Baadaye likaomba radhi. Baadaye tena likaomba radhi kwa usumbufu wa kuomba radhi, likagawa biskuti, na jioni likawaambia abiria waende makwao, warudi kesho. Binti akajikaza, akaburuta masanduku hadi kwenye teksi, akijifariji kwamba angalau mama atafurahi.

Akakuta chumbani kwake kuna cherehani mbili na meza ya kukatia. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani kama mwanafunzi mtukutu. Mama, futikamba mkononi, alikuwa akimpima mteja kiuno huku akiimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Ndege imeahirishwa."

"Ahaa. Pole, mwanangu. Basi angalia usinikanyagie vitambaa."

Binti akalala sebuleni kwenye kochi, kama mgeni. Kesho yake mama alimsindikiza tena, akalia vilevile, kwa sauti ileile. Ila safari hii hakuondoka mpaka alipoona, kwa macho yake mwenyewe, ndege imepaa.