Fundi anayeomba mapanga kwa dada yake

Mota nne zinazunguka juu ya meza ya mbao, zinalia kwa sauti nyembamba, na hakuna kinachoruka. Fundi anainama na kugusisha ncha ya karatasi kwenye mota ya kwanza, aone inazungukia upande gani. Kulia. Anahamia ya pili. Kushoto. Mbili zinazotazamana kwa pembe lazima ziende upande mmoja na mbili nyingine upande wa pili, vinginevyo droni itajipindua kabla haijaiacha ardhi.

Kibanda chake cha kutengeneza simu ni chembamba. Akinyoosha mikono yote miwili anagusa kuta. Chaja zimening'inia kila mahali, nati zimejaa kwenye kisahani cha chai, na karibu na miguu yake kuna ndoo ya mchanga ambamo anahifadhi betri za droni. Betri hizo zikivimba au kutoboka zinaweza kushika moto, na yeye siku hizi hapendi kubahatisha.

"Fundi, hiyo ndege yako kila siku inanguruma tu kama mashine ya kusaga," anatania mteja aliyekuja kubadilisha kioo cha simu. "Itapaa lini?"

"Ikipaa utaisikia," anajibu bila kuinua macho.

Kila kitu kipo mezani isipokuwa mapanga, vile vipande vinne vya plastiki vinavyofanana na mapanga ya feni, ambavyo ndivyo huinua droni hewani. Kwa miaka miwili hayajalala kibandani humu. Yako ng'ambo ya barabara, kwenye saluni ya dada yake, ndani ya kopo lililokuwa la shanga za nywele.

"Dukani yapo tele," anasema, kama mtu aliyeshaulizwa swali hilo mara nyingi. "Ningetaka, leo hii ningekuwa na mfuko mzima. Lakini nikinunua mengine nikaruka, nitakuwa nimemruka yeye."

Keshokutwa, Jumamosi, ana jaribio mbele ya mkaguzi wa usafiri wa anga. Mtihani wa kuandika amekwisha kuufaulu. Akifaulu na huu wa vitendo, atapata kibali cha kurusha na cha kuwafundisha wanaoanza. Bila mapanga hakuna jaribio, na bado hajavuka barabara kwenda kuyaomba.

Watu wa mtaa wanamwita Waya. Baada ya mama yao kufariki alilelewa na dada huyo, aliyekuwa msichana tu wakati huo, akisuka nywele kwenye vibaraza vya watu ili mdogo wake avae viatu vya shule. Kibanda cha simu alikifungua yeye dada, kwa pesa za kusuka. Fundi analisema hilo mapema kabisa kwenye mazungumzo, hata kabla ya kuketi.

Habari za droni zilianza kwa mpiga picha wa harusi aliyeleta ya kwake iliyotumbukia kwenye tangi la maji. "Akaniambia chukua, ukiweza kuifufua ni yako." Haikufufuka. Lakini aliifungua yote, nati kwa nati, akatazama video mtandaoni, kisha akaagiza mota na fremu na kile kibao cha umeme ambacho ndicho ubongo wake, akaanza kujiundia.

Anapoulizwa alitaka nini hasa, ananyoosha kidole mlangoni. "Hapa nilipo naona ukuta wa mbele na miguu ya wapita njia. Nilitaka kuona juu ya mabati, basi. Hakukuwa na biashara yoyote kichwani."

Droni ilipokamilika, mtu wa kwanza aliyetaka kumwonyesha ni dada yake. Akavuka nayo barabara akiwa na furaha ya mtoto, akaiweka sakafuni katikati ya saluni, mapanga yakiwa yamefungwa tayari. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu mapanga hufungwa mwisho, uwanjani, baada ya kila kitu kujaribiwa. La pili alikuwa amelifanya asubuhi ile. Droni zina kinga inayozuia mota zisiwake ovyo. Yeye aliizima kwa sababu ilikuwa inamchelewesha alipokuwa akijaribu mota mojamoja, na hakuiwasha tena.

La tatu ni fimbo ya mwendo kwenye rimoti. Ilikuwa juu.

"Nilichomeka betri tu. Sikugusa kitu kingine," anasema fundi. Droni iliruka upande, ikaelekea kwenye kiti alichoketi mteja, binti aliyekuwa amefumba macho huku nywele zake zikiwa nusu zimesukwa. Dada aliinua mkono wa kulia mbele ya uso wa yule binti, kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Binti hakupata hata mchubuko. Dada alishonwa kano za vidole viwili, cha pete na cha mwisho. Vilipona, lakini havikunjiki tena.

Kwa mtu mwingine huenda vidole hivyo viwili si kitu. Kwa msusi, ndivyo vinavyoshika fungu la tatu la nywele wakati vingine vinasuka. Sasa dada analishika fungu hilo kwa kibanio cha chuma, anakifungua, anakifunga, anakifungua tena. Kichwa alichokuwa akikimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa kinampeleka hadi jua linapozama. Wateja waliokuwa wakimsifu kwamba ana mkono mwepesi wamepungua zaidi ya nusu.

"Hawanichukii," dada anasema, akichana nywele za mteja wake taratibu. "Wana haraka."

Siku aliyotoka hospitali alimwomba mdogo wake kitu kimoja tu: yale mapanga. Fundi alidhani anakwenda kuyachoma moto. Akampelekea yote manne, moja likiwa limemeguka ncha. Dada akamwaga shanga zake mezani, akayatia mapanga kwenye kopo, akafunika. "Ukitaka kuruka, uje uniombe," akamwambia. Tangu hapo hakulitaja tena jambo hilo, na hakuwahi kumlaumu hata kwa nusu neno.

"Angenitukana ningepumzika," fundi anasema. Machozi yanamlenga, anageukia ukuta na kujidai anatafuta bisibisi.

Miaka hiyo miwili aliitumia kusoma kile alichopaswa kukisoma mwanzo. Alijifunza kuisajili droni na kubandika namba yake, kutovuka kimo kilichowekwa, kukaa mbali na uwanja wa ndege, kutoruka juu ya watu, na kutoiacha ipotee machoni. Wapo jamaa wanaopenda michezo hii waliomwona mwoga. Mmoja alimwambia kwamba anafuata kanuni kupita hata waliozitunga.

Alhamisi hii, mchana, anapiga moyo konde. Ananawa mikono, anavua aproni, anavuka barabara. Mlangoni mwa saluni anasimama kama mgeni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Nimekuja kuomba mapanga."

Mteja aliye kitini anatulia tuli. Dada hageuki. Anafungua kibanio, anakifunga.

"Ya nini?"

"Jumamosi asubuhi nina jaribio, kule uwanjani."

"Ile kinga?"

"Imewashwa. Na rimoti naiangalia kwanza, ndipo nashika betri."

"Watu?"

"Hawatakuwepo. Nitakuwa mimi na mkaguzi, na mtu mmoja wa kuangalia angani wakati mimi natazama skrini. Lazima awepo."

"Huyo mtu ni nani?"

"Sijampata bado."

Dada anasuka mstari mzima hadi mwisho. Kisha anasema, "Haya, nimesikia. Nenda, umeacha kibanda wazi."

Fundi anarudi na jibu hilo lisilo ndiyo wala siyo. Jioni hiyo anabadilisha kioo cha simu mara mbili kwa sababu cha kwanza amekibandika kikiwa na vumbi ndani, kosa ambalo kwa kawaida hulicheka akiliona kwa wengine. Ijumaa ananunua panga moja tu, la kuziba pengo la lile lililomeguka, analitia mfuko wa shati. Mengine matatu ya dukani hayagusi.

Jumamosi uwanja ni mpana na nyasi zimenyauka. Mkaguzi, mama mtu mzima mwenye kofia pana, anasoma namba iliyobandikwa kwenye fremu, anatazama bendera ndogo aliyoichomeka ardhini kupima upepo, anauliza kuhusu kimo na umbali. Fundi anajibu vizuri. Droni iko chini mbele yake, mota zake wazi.

"Mapanga yako wapi?" anauliza mkaguzi.

"Yanakuja."

"Yanakuja kwa miguu?"

"Ndiyo mama. Kwa miguu."

Mkaguzi anatazama saa yake lakini haondoki. Kila baada ya muda fundi anaangalia njia ya vumbi inayotoka mtaani. Kama dada hatafika, amesema, atamshukuru mkaguzi, atakunja vitu vyake na kurudi kutengeneza simu, na hatamuuliza dada sababu.

Dada anafika, kopo akiwa amelibana kwapani, viatu vimejaa vumbi. Anamsalimia mkaguzi, kisha anakaa kwenye nyasi kando ya droni, kwa uzito, kama anayekaa kusuka.

"Betri?"

Fundi anamwonyesha. Iko mkononi mwake, haijachomekwa.

Dada anafungua kopo. Ndani kuna mapanga manne, na hakuna lililomeguka. Matatu ni meusi, yale ya zamani. La nne ni la rangi ya chungwa.

Fundi analitazama. Mkono wake unakwenda kwenye mfuko wa shati, unabaki hapo hapo. "Hili umelitoa wapi?"

"Dukani. Niliwapelekea lile bovu, wakaniambia linazungukia kulia."

"Lini?"

"Zamani. Ulikuwa huji tu kuuliza."

Fundi anainamisha kichwa. Ameweka mikono magotini na anaiacha huko, kwa sababu dada ameshaishika spana ndogo. Anataka kuyafunga mwenyewe. Kwa ule mkono wa kulia inamteleza mara ya kwanza, inamteleza tena. Vidole viwili vimenyooka pembeni, havisaidii. Anaihamishia kushoto, anarudi nayo kulia, anakaza. Mkaguzi amevua kofia, anajipepea, anatazama kwingine. Hakuna anayemharakisha.

Nati ya nne inapokazwa, dada anapitisha ukucha kwenye ukingo wa kila panga kutafuta ufa. Kisha anainuka, anarudi nyuma hadi mkaguzi anapomwambia inatosha, na kutangaza, "Mimi ndiye nitakayeangalia."

Fundi anaangalia rimoti, fimbo iko chini. Anachomeka betri. Anasogea nyuma, anavuta pumzi. Droni inanyanyuka wima, inatulia usawa wa vichwa vyao, halafu inapanda. Kwenye skrini nyasi zinakuwa zulia, na mbali yanajitokeza mabati ya mtaa, yenye kutu na mapya, yakimeta.

"Kuna mtu wa baiskeli anakatiza kutoka kushoto," anasema dada. Sauti yake haijapanda. "Shusha."

Fundi haulizi yuko wapi. Anaisogeza droni upande wa pili na kuishusha, mota zinazimika, na mwenye baiskeli anapita zake bila kujua kwamba ameshasubiriwa. Mkaguzi anaandika kitu. Dada anaangalia mpaka mtu huyo anatoka uwanjani, ndipo anasema, "Haya, sasa."

Safari ya pili inakwenda hadi mwisho. Mkaguzi anawaambia kibali kitatoka wiki ijayo, na kwamba kwa upande wake hana pingamizi lolote. Anawapa mikono wote wawili, akianza na dada.

Fundi anachomoa betri kwanza. Kisha anafungua mapanga, moja baada ya jingine. Hajamaliza la mwisho, dada ameshamnyooshea kopo.

Mpango wake sasa ni kufundisha kila Jumamosi. Wanaoanza wataunda droni zao kibandani bila panga hata moja, watajifunza kanuni kwanza, na atakayetaka kuchomeka betri atayakabidhi mapanga yake kwa mtu mwingine ayashike. Anataka pia mapato ya masomo hayo yamlipe dada mtu wa kumshikia fungu la tatu, ili vichwa vimalizike mapema kama zamani. Dada bado hajasema kama atakubali.

Lakini tumaini lake kubwa ni jingine, na analisema kwa sauti ya chini, dada akiwa ametangulia hatua chache kwenye njia ya vumbi na kopo lake kwapani.

"Natamani siku moja asahau kuyadai."

Dada amesikia. Anasimama, anamngoja mdogo wake amfikie.

"Kusahau sisahau," anasema. "Ila ukiyahitaji, nitayaleta."